Kamera Inakula Nini?

Kazi ya picha niliianza katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya, enzi za filamu. Roli ilikuwa na picha 36, na mpaka ziishe zote mteja hapati kitu, maana roli zilipanda basi hadi Garissa, karibu kilomita 100 za vumbi, zikasafishwe. Mvua za El Niño za 1997 zilipokata barabara, kuna harusi zilizokaa koponi hadi maharusi wakaanza kugombana.

Ndiyo maana kamera za dijitali zilipoingia sikuuliza zinapiga vizuri namna gani. Niliuliza zinakula nini. Canon PowerShot A470 ilikula betri mbili ndogo, zile za rimoti, ambazo kila duka la soko letu linazo. Kamera yenye betri yake maalumu ingenifanya nisubiri jenereta, na jenereta la soko lina saa zake.

“Adeer, lakini hiyo ni megapikseli saba tu,” kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi alilalamika. Nikampigia hesabu. Picha ya inchi 4 kwa 6, ukiichapisha kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800. Ni milioni mbili na kitu. Saba zinatosha, na chenji inabaki.

Baadaye nilinunua Nikon D3100 ya mtumba, Nairobi. Nikon ina fadhila moja: huandika ndani ya faili la picha idadi ya mara ambazo shata imefyatuka, hivyo muuzaji hakudanganyi umri wa kamera. Wenzangu wa mjini walinisihi niongeze lenzi ya milimita 50, ya bei nafuu na inayopenda giza. Ushauri mzuri, kwa mwenye ukumbi. Kwenye kamera ya aina ile lenzi hiyo huona finyu, na katika chumba changu cha mabati ningelazimika kutoka nje ya mlango ili familia ienee. Nilibaki na ile ya 18-55 iliyokuja na kamera, wala sikuwa naibandua: kila ukiibandua, vumbi letu jekundu linaingia kwenye sensa, na madoa yanakungoja kwenye anga la kila picha.

Mwaka 2011 njaa ilileta umati kutoka Somalia, na nyuma yake wapigapicha wa kigeni wenye kamera mbilimbili shingoni. Wateja wangu hawakutaka picha za njaa. Walikuja wamepiga pasi, wamejipaka uturi (ingawa picha haitoi harufu).

Iliyonilipa zaidi ni kazi ya kuunganisha jamaa. Mama yuko Dagahaley, mwanawe amehamia Minneapolis, na mama anataka wasimame bega kwa bega. Kwanza nilimwagiza huyo mwana asimame karibu na dirisha, mwanga umpige kutoka kushoto, kwa sababu na mama nitampiga hivyo hivyo. Jua likitoka pande mbili hata mtoto atajua ni uongo. Kisha asitume kama picha bali kama faili, maana WhatsApp huibana picha. Urefu niliuliza kwa mama. Mama mmoja aliitazama kazi yangu akasema, “Mwanangu, huyu umemfanya mfupi. Alikuwa anainama mlangoni.” Nikamrefusha.

Kwa kazi hii programu ya Picasa haikufaa. Ilikuwa ya bure, haikudai intaneti, na hata Google walipoiacha mwaka 2016 yangu iliendelea kung’arisha picha za pasipoti. Ila haikuweza kumkata mtu kwenye picha moja na kumsimamisha kwenye nyingine. Photoshop inaweza, lakini tangu 2013 Adobe waligeukia malipo ya kila mwezi, na mimi kadi ya benki sikuwa nayo. Nakala zake za wizi zilizouzwa kwenye CD zilikuja na virusi vyake. Nikaletewa GIMP kwenye flashi: bure, na nyepesi kwa laptopu yangu kuukuu. Matoleo yake ya zamani yalitawanya madirisha kioo kizima, lakini tangu toleo la 2.8 unaweza kuyakusanya pamoja.

Sasa vijana wana simu na programu ya Snapseed, nao wananiletea picha nizichapishe kwenye Epson ya wino wa tangi. Wiki ya Idi foleni huwa ya printa, na wino mweusi ndio unaotangulia kuisha, kwa sababu ya mabuibui.