Njia Ndefu kwa Likizo Fupi

Mtu wa kwanza kuitembea Njia ya Appalachia kutoka mwanzo hadi mwisho hakuitembea kwa mkupuo mmoja. Myron Avery alikuwa mwanasheria mwenye kazi yake mjini Washington. Aliimaliza mwaka 1936, baada ya miaka ya kwenda na kurudi, kipande hiki msimu huu na kingine msimu ujao, akisukuma gurudumu la kupimia umbali. Njia yenyewe ilikamilika mwaka uliofuata, 1937. Ilipita zaidi ya miaka kumi ndipo Earl Shaffer, mwaka 1948, alipojulikana kwa kuimaliza yote kwa safari moja.

Nimeanza na Avery kwa sababu Watanzania wenzangu huku Marekani huniambia kwamba mambo haya ni ya watu wasio na kazi wala watoto. Ukiangalia ramani, utawaelewa. Njia hii ina urefu wa karibu kilomita 3,500, kutoka Springer Mountain katika jimbo la Georgia hadi Katahdin kule Maine, na inapita majimbo 14. Anayeitembea kwa mkupuo huhitaji miezi mitano hadi saba, na wengi wanaoanza hivyo hukatisha safari. Sisi wengi likizo yetu ni ya siku chache kwa mwaka, na hizo nazo tunazidunduliza ili tuweze kwenda nyumbani. Hata hivyo mimi nimeimaliza, kwa vipande, na nimeshawishika kwamba utaratibu huu ni kitu ambacho watu wa nyumbani wanastahili kuwa nacho, kwenye milima yao wenyewe.

Kinachowezesha haya si ushujaa wa mtembeaji, ni jinsi njia yenyewe ilivyopangwa. Inakatwa na barabara mahali pengi, na kila barabara inaweza kuwa mwanzo au mwisho wa safari yako. Kwenye miti na miamba kuna alama za rangi nyeupe, kila moja ina upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 15. Ukiona mbili, moja juu ya nyingine, ujue njia inakaribia kupinda. Kuna vibanda zaidi ya 250 vya kulala, vingi vikiwa na kuta tatu, sakafu ya mbao na upande mmoja wazi. Sehemu kubwa ya njia haina kiingilio.

Mbinu ya wenye likizo fupi ni hii: unaegesha gari mahali utakapomalizia, unampata dereva wa kijiji cha karibu akupeleke mwanzo kwa malipo, kisha unatembea siku mbili au nne kulielekea gari lako. Hakuna haraka ya kuwahi usafiri, na hakuna anayekusubiri. Kwa tunaoishi karibu na Washington, treni inasimama Harpers Ferry, na njia inapita katikati ya mji huo, kwa hiyo hata asiye na gari ana pa kuanzia. Jioni unafika kibandani, unatundika chakula juu dubu asikifikie, unajikagua kupe miguuni, halafu unafungua daftari la kibanda. Daftari hilo hukaa ndani ya mfuko wa plastiki, na kila apitaye huandika jina, tarehe na habari za maji: chemchemi ipi imekauka na ipi bado inatiririka. Usiku wa kiangazi kikavu, mistari hiyo miwili mitatu ya mtu usiyemjua ina thamani kuliko kitabu chochote cha mwongozo.

Vipande havilazimiki kufuatana. Mimi nilifika Katahdin kabla sijamaliza Pennsylvania, kwa hiyo mwisho wa safari yangu haukuwa kileleni. Ulikuwa Lehigh Gap, mahali njia inaposhuka hadi mtoni baada ya mawe makali yanayochosha nyayo kutwa nzima. Ng'ambo ya mto kuna mlima ambao moshi wa viwanda vya zinki vya Palmerton uliuua miti yake kwa miongo mingi, na sasa watu wanaurudishia majani polepole. Niliigusa alama nyeupe ya mwisho kando ya barabara yenye malori, nikalia kwa furaha.

Taasisi inayosimamia njia hii, Appalachian Trail Conservancy, haibagui. Aliyemaliza kwa miezi sita na aliyemaliza kwa miaka ishirini wanaandikwa katika orodha moja, na neno lao linaaminiwa bila kudaiwa ushahidi. Emma Gatewood, mama wa watoto 11, aliitembea yote mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 67, amevaa raba na amebeba mfuko alioushona mwenyewe. Baadaye aliimaliza mara ya tatu, na hiyo ya tatu ilikuwa kwa vipande. Sijawahi kusikia mtu akisema kwamba ile ya tatu haihesabiki.

Utaratibu huu una gharama zake. Anayetembea kwa mkupuo miguu yake hukomaa baada ya wiki chache. Wewe wa vipande kila safari unaanza na miguu laini, na mara inapoanza kuzoea, likizo imekwisha. Nauli nazo hupanda kadiri unavyomaliza vipande vya karibu na kubakiwa na vya mbali. Ila unapata kitu ambacho wa mkupuo hawakipati: njia inakua pamoja na maisha yako. Kuna vipande nilivyovitembea nikiwa mgeni katika nchi hii, na vingine nikiwa na mwanangu mbele yangu akitafuta alama inayofuata.

Sasa tuje nyumbani. Mimi ni mtoto wa Marangu, na kwetu mlima ni Kilimanjaro. Kilimanjaro haupandwi kwa vipande, na sababu iko mwilini. Mwili huzoea hewa nyembamba taratibu, na ukishuka, mazoea hayo hupotea. Ukiishia kibanda cha Kibo leo, mwakani utaanza tena getini, kwani mlima haukutunzii ulipoishia. Mpandaji Hans Meyer alikwama mwaka 1887, akakwama tena 1888, na kila mara alilazimika kuanzia pwani, hadi alipofika kileleni na Ludwig Purtscheller Oktoba 1889. Kwa upande mwingine, sehemu ya juu kuliko zote katika Njia ya Appalachia, Kuwohi, ina mita 2,025 tu, yaani iko chini ya vibanda vya Mandara, ambako anayepitia Marangu hulala usiku wa kwanza. Ugumu wa Appalachia uko kwenye urefu wa njia na kwenye kupanda na kushuka kusikokwisha.

Tofauti kubwa zaidi ni ya watu. Baba yangu mdogo alikuwa mgumu, alibeba mizigo ya wageni mlimani tangu ujana hadi magoti yalipomkatalia. Nilipomweleza kwa simu ninachofanya huku, aliuliza kwanza, "Sasa mizigo nani anakubebea?"

"Nabeba mwenyewe, baba."

"Na mpishi?"

"Napika mwenyewe."

Akafikiri kidogo. "Basi wewe ndiye mgumu, ndiye mpishi, na ndiye mgeni. Na ukiteguka mguu?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji, na nyuma yake kuna wagumu na wapishi wanaokujua kwa jina, wanaokutazama macho kila asubuhi kuona kama mwinuko umekuzidi. Huku unaweza kutembea siku nzima bila kumwona mtu. Natamani Wamarekani wangejifunza kwetu jinsi ya kumtunza aliye njiani. Lakini baba mdogo amefika kilele cha Uhuru mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na majirani zake wengi hawajawahi kupita geti. Wananchi hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko wageni, lakini bado tumeuzoea mlima kama mahali pa kazi au pa wageni. Pa kutembea wenyewe, kwa raha zetu, hatujapafikiria.

Njia ya Appalachia haikujengwa na wageni, wala haitunzwi na wageni. Klabu za wenyeji zipatazo thelathini zimegawana urefu wote. Ya kwetu huku, Potomac Appalachian Trail Club, hutunza zaidi ya kilomita 380, na Jumamosi nyingi nimeshika jembe pamoja na wastaafu wa klabu hiyo. Kazi kubwa ni mitaro. Gogo au mstari wa mawe hulazwa mshazari njiani ili maji ya mvua yatoke pembeni. Majani na tope vikijaa hapo, maji hufuata njia yenyewe, na baada ya masika mawili njia imekuwa korongo. Kwa hiyo mnakwangua tope, mnafungua mdomo wa mtaro na kusogea kwenye unaofuata. Ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea. Ni kazi ileile wazee wetu waliyoifanya kwenye mifereji ya maji ya Kilimanjaro, kila ukoo na sehemu yake, kila mtu na jembe lake. Anayefikiri kwamba sisi hatuna utamaduni wa kutunza njia ya wote, akaulize mifereji ile ilidumu vipi.

Kuna jambo moja la huku ambalo tusiliige. Njia inapopita hifadhi ya Shenandoah, Virginia, unaona kuta za mawe, miti ya matofaa iliyoota porini, na makaburi. Mamia ya familia ziliondolewa huko katika miaka ya 1930 ili hifadhi ipatikane. Upweke wa msituni unaosifiwa na watembeaji wengi ulinunuliwa kwa bei hiyo. Njia yetu ipite vijijini, msafiri asalimie na asalimiwe, anunue ndizi na parachichi kwa mwenye shamba, alale kwa mwenyeji au kwenye nyumba ya wageni ya parokia.

Na mahali pake pako. Milima ya Tao la Mashariki inaanzia Taita nchini Kenya, inapita Upare na Usambara, na kushuka hadi Udzungwa. Kati ya safu na safu kuna nyanda kavu, kwa hiyo vipande vimeshakatwa tayari. Chini yake inapita barabara kuu ya Dar es Salaam na Moshi: ukishuka Mombo unapanda Lushoto, ukishuka Same unaelekea Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, ukishuka Mwanga unapanda Usangi na Ugweno. Basi moja, likizo ya siku tatu, kipande kimoja. Kati ya Lushoto na Mtae tayari watu hutembea kwa siku kadhaa, wakifuata njia zilezile za wanaokwenda sokoni na za wanafunzi. Tunachokosa ni alama za rangi, ramani moja, makubaliano na Wakala wa Huduma za Misitu panapohusu misitu ya hifadhi, na kila kijiji kukubali kutunza kipande chake kwa faida yake.

Sisi wa Kilimanjaro tunajulikana kwa kurudi nyumbani Desemba. Mwaka huu, kabla ya kufika Moshi, shukeni Mombo na watoto. Tembeeni kipande kimoja, na mwenyeji anayelipwa vizuri, kisha mwandike saa, maji, mahali pa kulala na bei ya chakula, na mniletee maandishi hayo. Mimi nitakuwa Mtae wiki ya pili ya mwezi huo nikifanya hivyohivyo. Avery alianza na gurudumu na daftari. Vyote viwili tunaweza kuwa navyo.