Nani Atalikumbuka Jina Lake?

Nataka kuwasimulia jinsi swali la kijana mmoja lilivyonishinda darasani, na jinsi nilivyopata jibu lake shambani.

Mimi ni mwalimu hapa Makambako, penye njia panda ya Mbeya na Songea. Siku moja naliwafundisha vijana wa kipaimara habari za John Mbiti, kasisi wa Kanisa la Anglikana, aliyezaliwa Kitui, Kenya, mwaka 1931, akafa mwaka 2019. Katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Waafrika, kilichotolewa mwaka 1969, alitwaa maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akapimia wakati kwayo. Alichungua vitenzi vya Kikamba na vya Kikuyu, akaona ya kuwa havifiki mbele kupita miaka miwili. Basi akasema ya kuwa kwa wazee wetu wakati ujao ulikuwa mfupi mno. Tena alisema, mtu aliyekufa hukaa bado katika Sasa maadamu yuko amkumbukaye kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo huzama katika Zamani.

Kijana mmoja akasimama, akaniuliza, "Mwalimu, ikiwa wazee wetu hawakuijua kesho ya mbali, je, ufufuo si kanzu ya mgeni tuliyovikwa tu?"

Nikanyamaza. Majibu ya vitabuni nalikuwa nayo, lakini hayakunitosha hata mimi mwenyewe.

Jioni nikapita shambani kwa jirani yangu, mzee aliyepita miaka 80. Nikamkuta amepiga magoti katika udongo wa mvua, akipanda miche ya paina.

"Kamwene, baba," nikasema. "Miti hii yangoja miaka 15, hata 20. Nani ataikata?"

Akacheka. "Atakayekuwapo. Baba yangu hakujua kusoma, lakini hata mwaka wa njaa hakutuacha tule mbegu."

Nikafurahi, nikidhani nimelipata jibu: Mbiti alipima vitenzi, hakupima mbegu iliyowekwa ghalani. Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Akafuta mikono, akasema polepole:

"Mwalimu, nalikuwa na ndugu mdogo, msichana, aliyekufa kabla hajajua kutembea. Baba na mama wamekufa, na ndugu zangu wote. Leo jina lake nalijua mimi peke yangu duniani. Miti hii ni ya wajukuu. Yeye haimfai kitu. Nikifa mimi, nani atalikumbuka jina lake? Ndiyo sababu nalimwamini Mungu afufuaye."

Hapo nikatambua ya kuwa Mbiti aliweka kidole penye jeraha lenyewe. Tumaini la mbegu twalikuwa nalo tangu kale. Lakini kumbukumbu ya wanadamu ina mwisho, nasi hatukuwa na dawa yake. Basi ufufuo si kanzu ya mgeni, bali ni jibu la swali letu wenyewe. Hata Wazungu hawakuzaliwa nalo. Nao waliletewa kama sisi.

Kesho yake nikamweleza kijana yule. Hakusema kama amekubali. Aliniuliza neno moja tu: "Jina la mtoto huyo ni nani?"

Nikaona haya, maana sikumwuliza mzee. Jumamosi tulikwenda wote wawili kumwuliza.