Dawati la Nyuma

Shuleni kwetu Nassa tulipangwa kwa kimo: wafupi mbele, warefu nyuma. Rafiki yangu mwenye ualbino alikuwa mrefu, basi akawekwa ukutani kabisa, nami ubavuni nikimsomea ubao kwa kunong'ona. Mwalimu akatusikia. "Unajisumbua bure. Zeruzeru haoni mchana, atajifunza nini?" Wala hakufoka. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Ualbino haupunguzi rangi ya ngozi tu, hata ya jicho. Wengi wao huona vya karibu, na mwanga mkali huwaumiza. Dawati la mbele, mbali na dirisha, na maandishi makubwa. Gharama yake chaki kidogo tu, jamani!

Mauaji yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa, 2007 na 2008, watoto kama yeye walikusanywa Buhangija kule Shinyanga, na Mitindo, Misungwi, wasifikiwe na mapanga. Rafiki yangu alikuwa ameshaacha shule kabla ya hapo. Kwenye daftari la mahudhurio, jina lake lilikatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni pakaandikwa: mtoro.