Mstari Mmoja wa Kuwashia

Kila inapowaka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wake, hupokea mstari mmoja kutoka faili dogo liitwalo cmdline.txt. Humo ndimo ninamoiagiza la kufanya mambo yanapoharibika. Mashine yangu iko Kibosho, juu ya Moshi, kwenye kihamba cha mzee mmoja, ikipima mvua. Mvua ya huku haisomeki kutokea mjini: upande huu wa kusini wa mlima huzidi kadiri unavyopanda, hadi ndani ya msitu, kisha hupungua kuelekea kileleni.

Nikiandika rootwait, keneli itaisubiri memori kadi hadi ionekane, hata kama haitaonekana kamwe. Nikiandika ro, mfumo ulio kwenye kadi utasomwa tu, na umeme ukikatika ghafla hautaharibika kirahisi. Lakini kipima mvua kisichoandika kitu kina faida gani? Basi mfumo nimeuacha kwenye ro, vipimo nikavitengea sehemu yake.

Kinachonisumbua hadi leo ni panic. Nikiandika panic=10, keneli ikikwama kabisa hungoja sekunde 10, kisha hujiwasha upya. Nisipoandika, kwa kawaida huganda palepale. Mezani kwangu kuganda ni msaada, maana ujumbe wa kosa hubaki kwenye skrini nikausoma. Kihambani hakuna skrini. Na kosa likiwa la kudumu, mashine itawaka na kukwama usiku kucha hadi betri ya sola iishe, bila mtu kujua.

Siku moja mzee, akipalilia kahawa, aliniuliza: "Mwanangu, hii ikizima nikiwa hapa, nifanyeje?" Sikuwa na jibu. Kila neno la mstari ule nililichagua kana kwamba kihamba hakina mwenyewe, ilhali yeye yupo kila siku. Huenda nilichokiita uimara kilikuwa ni kutomtegemea mtu tu.

Sasa boksi lina taa inayopepesa mashine ikiwa nzima, na swichi anayoifikia. Nikiiondoa panic, mashine ikikwama itaganda, taa itaacha kupepesa, naye atajua. Lakini mvua ikinyesha usiku amelala, saa hizo zitapotea. Kwa hiyo panic=10 imebaki, na taa ipo. Masika, Machi hadi Mei, yataonyesha kama mashine na mzee wanaweza kupokezana zamu. Nikiona mmoja anamkwaza mwenzake, mstari nitauandika upya.