Minara ya Kisumu na Fedha za Waliochanga

Msafiri aingiaye Kisumu kwa mara ya kwanza hupenda kuteremka hadi gatini ayaone maji ya Nam Lolwe, ndipo arudi mjini kutafuta kumbukumbu za kale. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, na mahali pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa Bwana Ronald Preston aliyesimamia ujenzi. Mji wenye umri huo haukosi minara. Lakini atakapoitazama, namwomba msomaji aulize swali moja: ni nani aliyetoa fedha, na ni nani atakayetoa tena siku rangi itakapobambuka?

Aanze na mnara wa saa ulio katika barabara ya Oginga Odinga. Maandishi yake yasema ulijengwa kwa ukumbusho wa Kassim Lakha, aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1871 akafariki Kampala mwaka 1910. Waliojenga ni wanawe wanne, Mohamed, Alibhai, Hassan na Rahimtulla, na Gavana Sir Robert Brooke-Popham ndiye aliyeufungua tarehe 19 Agosti 1938. Wana walimkumbuka baba yao, na mji ukapata saa. Ilikuwa zawadi njema, maana mkulima wa siku zile aliyeleta mahindi sokoni hakuwa na saa mkononi, na gari la moshi halikumngoja mtu. Ila mnara wa saa si kama kaburi. Saa hutaka kutiwa majira, kupanguswa vumbi na kubadilishwa vyuma vilivyolika, na wana wa marehemu hawaishi milele.

Zawadi ya mtu mmoja ina udhaifu huo, na mfano mkali uko Nairobi. Bwana A. M. Jeevanjee alitoa sanamu ya Malkia Victoria, yule ambaye Waingereza walilipa ziwa letu jina lake, ikasimamishwa mwaka 1906 katika bustani ijulikanayo hata leo kwa jina la Jeevanjee. Mwaka 2015 ilikutwa imekatwa kichwa. Mwananchi ambaye babu yake hakuombwa hata senti ya kuisimamisha, wala malkia yule hakuwa chaguo lake, ataombwaje leo fedha za kuunga kichwa?

Turudi Kisumu. Mwaka 2014 Makalasinga wa mji huu, ambao wazee wao wengi walikuja kama mafundi wa reli, walisimamisha mnara katika barabara ya Otieno Oyoo kuadhimisha miaka 100 ya hekalu lao. Watu waliokasirika walisema kwamba ni alama ya shetani, wakautia moto, na mwishowe mnara ukahamishiwa hekaluni. Kuchoma mali ya watu ni uovu, nami sina neno la kuwatetea waliofanya hivyo. Hata hivyo, jirani aliyeelezwa maana ya alama kabla ya kuiona barabarani habababaishwi upesi na maneno ya mitaani.

Kwangu mimi, jengo linalostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ni Ofafa Memorial Hall. Ambrose Ofafa alikuwa diwani katika Nairobi, na pia mmoja wa viongozi wa chama cha Luo Union. Aliuawa mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari. Huko Nairobi mitaa ya nyumba ilipewa jina lake, bali watu wake walitaka ukumbusho ulio kwao, kando ya ziwa. Luo Union, ambayo Bwana Oginga Odinga aliiongoza kwa cheo cha Ker, ilikuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, popote Wajaluo walipokwenda kutafuta kazi. Mchango ukapitishwa kwa wanachama, kwa fedha za mishahara ambayo haikuwa mikubwa. Hawakuchonga sanamu. Walijenga ukumbi ambamo watu waweza kukaa na kushauriana, na naona walichagua vema, kwa sababu sanamu haimpi mtu kivuli wakati wa mvua.

Ndipo ukaja mwaka 1980, serikali ilipoamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Luo Union ikaondoka pamoja navyo. Ukumbi ukabaki, lakini yule mwenye sauti ya kuita mchango katika kila tawi hakuwapo tena.

Desturi yetu ya harambee ina kasoro moja niionayo: tunachanga kwa furaha siku ya kuweka jiwe la msingi, wageni wakiwapo na ngoma zikilia, bali fundi wa kuziba paa hachangiwi na mtu. Kama wenyeji wa Kisumu wataka kutengeneza minara na kumbi hizi, afadhali wasingoje karamu moja kubwa. Kiasi kidogo kila mwaka, baada ya mavuno, chatosha. Karani mmoja aandike stakabadhi, na orodha ya waliotoa ibandikwe mlangoni pamoja na hesabu ya matumizi, ili hata aliyetoa shilingi hamsini aweze kusimama pale, alisome jina lake, na kuuliza debe lile la rangi lilinunuliwa kwa bei gani.