Maleba ya Dada

Umewahi kumwona mfalme aliyevaa gunia? Mimi nilimwona Nairobi, kwenye maonyesho ya dada yangu alipokuwa akimaliza shahada ya sanaa. Nilidhani nitakuta picha ukutani. Kumbe ni maleba matupu! Joho la mfalme lilikuwa la magunia ya sukari na vifuniko vya soda vilivyotobolewa kimoja kimoja kwa msumari. (Vingi nilivitoboa mimi wakati wa likizo, kovu ninalo kidoleni.)

Mwalimu wake alimhimiza asomee uzamili wa ubunifu wa maleba ng'ambo. Akamtaja Ruth E. Carter wa Marekani, aliyetuzwa Oscar mwaka wa 2019 kwa mavazi ya filamu ya Black Panther, ambayo mengine yaliiga wekundu na shanga za Wamaasai wetu. Baba alisikiza tu, halafu akauliza, "Na karo ya huyu?"

Huyu ni mimi.

Ndani ya matatu dada alininong'oneza, "Wewe wasemaje?" Nilitaka kumwambia aende. Lakini karo yangu hutoka kwenye cherehani yake. Nikatazama dirishani hadi Thika.

Fomu ingali juu ya kabati. Juzi niliipangusa vumbi, nikairudisha palepale.