Fungu Dogo na Viumbe Wengi

Nilipokuwa mtoto nilizoea kumwona babu yangu akigawa nyama ya mawindo. Watu walikuwa wengi, na mnyama alikuwa mmoja, tena mdogo. Babu hakumwanza mwenye sauti kubwa. Aliuliza kwanza ni nyumba gani iliyolala bila kitoweo. Desturi hiyo nimeikumbuka mara nyingi, hasa kwa sababu siku nilipopewa mimi kazi ya kugawa, niliisahau.

Mwaka 2007 nilikuwa mlezi wa klabu ya malihai katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Wanafunzi walikuwa wamelima bustani ya mboga, wakauza, wakapata fedha kidogo. Tulikutana kuamua zitumikeje. Wengi walitaka kwenda Mikumi kuwatazama tembo. Wengine, ambao mashamba ya wazazi wao yalikuwa yameliwa na tembo hao hao, walitaka zinunuliwe kamba na pilipili za kuzungushia mashamba. Ndipo binti mmoja mpole akasimama, akasema tumtetee chura wa Kihansi: tuchore picha zake, tuzitembeze katika vijiji na shule za jirani.

Darasa zima liliangua kicheko. Nami, naona haya kusema, nilicheka pamoja nalo. Nikamwuliza, "Binti yangu, nani atamjali chura?"

Akajibu bila hasira, "Mwalimu, tembo wako Mikumi, wako Ruaha, wako Selous. Chura huyu ana bonde moja tu duniani."

Tukapiga kura. Tukaenda Mikumi.

Chura huyo aligunduliwa mwaka 1996 penye maporomoko ya Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Urefu wake haufiki sentimita 3. Tena hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai. Uhai wake ulitegemea manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipojengwa, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa njia, na manyunyu yakapungua. Taifa lilihitaji umeme, na haja hiyo si ya kubezwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, na bondeni ikatandazwa mipira ya kunyunyiza maji. Hata hivyo, mwaka 2003 vyura waliobaki walipungua ghafla, na ugonjwa wa ukungu ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Nilipoisikia habari hiyo, nilimkumbuka binti yule.

Sidai kwamba vijisenti vyetu vingalimwokoa chura. Wala tembo naye hakosi haja: ujangili uliwapunguza tembo wa nchi hii kutoka kiasi cha 109,000 mwaka 2009 hadi kiasi cha 43,000 mwaka 2014. Kosa letu lilikuwa kuchagua kabla ya kuuliza.

Katika Tamko la Arusha la mwaka 1961 juu ya wanyamapori, Mwalimu Nyerere alieleza wazi kwamba kuwahifadhi kunahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na kwamba tutahitaji msaada wa mataifa mengine. Lakini fedha za mgeni hufuata macho ya mgeni. Tembo, simba na faru wana wapenzi kila pembe ya dunia. Chura wa bonde moja hana mjomba. Basi ni juu yetu sisi wenye nyumba kumkumbuka.

Ndugu mwalimu, nawe mwanafunzi, fungu linapokuwa dogo tuulize kama alivyouliza babu. Ni kiumbe gani ambaye akitoweka hapa hatapatikana popote? Ni yupi ambaye tayari anasaidiwa na wengine? Shilingi moja itafanya kazi kubwa zaidi wapi? Na ni mkulima gani anayelipia uhifadhi kwa mahindi yake, naye hatajwi katika mgawo?

Mwaka 2012 kizazi cha vyura waliotunzwa ugenini kilianza kurudishwa Kihansi. Popote alipo binti yule, namwomba radhi. Tangu nilipoisikia habari ile ya mwaka 2009, kila tulipokutana kugawa fedha za klabu, nilimpa nafasi ya kwanza ya kusema yule ambaye wenzake walikuwa wameanza kumcheka.